Nani Anakuandikia Wasifu Wako? Historia ya Karatasi ya Kuombea Kazi na Nafasi Yetu Ndani Yake



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunasikia mengi kuliko vipimo vya gauni. Msichana anasimama tumpime mabega, huku anatueleza kuwa anatafuta kazi. Tukimuuliza kama ameshaandika wasifu wake, ile karatasi ambayo wengi tunaiita sivii, jibu huwa moja katika mawili. La kwanza: "Sina cha kuandika, mie nimekaa nyumbani tu." La pili: "Naona haya, ni kama najisifu."

Majibu haya mawili tumeyasikia mara nyingi mpaka tukaona tukae tuyatafutie jawabu. Tumelikuta katika historia. Karatasi hii ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani, na ndani ya safari yake wamo wanawake, wamo Mitume wa Mwenyezi Mungu, na zimo khabari za visiwa vyetu hivi. Tukiijua safari hiyo, kuandika kunakuwa kwepesi. Bismillah, tuanze.

Kuulizia ni kwetu

Bibi harusi yeyote wa kwetu anakijua kitu kinachoitwa kuulizia. Posa ikija, wazee hawasemi ndiyo siku ile ile. Wanaomba muda. Ndani ya muda huo watu wanatumwa: mmoja kwa imamu wa msikiti wa mtaa wao, mmoja kwa majirani, mmoja anapofanya kazi kijana. Wanauliza ni mtoto wa nani, anafanya nini, khulka yake vipi, akikopa analipa? Majibu yakirudi ndipo inapotolewa kauli.

Basi wasifu wa kazi ni kuulizia huko huko, ila mara hii anayetaka kukuajiri ndiye anayeuliza, na wewe unamtangulizia majibu pamoja na majina ya watu wa kuwauliza. Anayekijua kitu hiki kwenye posa hawezi kusema hakijui kwenye kazi.

Mfano wetu mkubwa ni Bibi Khadija (R.A.). Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, na mali yake ilikwenda Sham pamoja na misafara. Yeye hakusafiri nayo, kwa hivyo alihitaji mtu wa kumwamini. Zikamfikia sifa za kijana aliyejulikana mjini kwa jina la Al-Amin, yaani mwaminifu. Bibi Khadija akampelekea ujumbe kumwomba aichukue bidhaa yake, na akamwahidi malipo makubwa kuliko aliyokuwa akiwapa wengine. Kisha akafanya jambo la mwajiri mwerevu: akampeleka mtumishi wake Maysara afuatane naye. Msafara uliporudi na faida, Maysara akamweleza bibi yake aliyoyashuhudia njiani kwa macho yake.

Baada ya hapo ndipo Bibi Khadija alipomtuma Nafisa binti Munya kwenda kupeleka maneno ya ndoa. Tuangalie mpangilio wenyewe. Kwanza sifa zilizoenea mjini, pili kazi iliyofanywa, tatu shahidi aliyeiona kazi ikifanywa. Kwa mambo hayo matatu ilipatikana ajira, na kwa mambo hayo hayo ikapatikana ndoa iliyo bora. Mtume wetu (S.A.W.) hakuhitaji kusema neno lolote juu yake mwenyewe, kwa sababu mji mzima ulimjua.

Lakini mtu asiyejulikana afanye nini?

Nabii Yusuf na suala la kujisifu

Hapa ndipo tunapomkuta Nabii Yusuf (A.S.). Alikuwa mgeni Misri. Aliuzwa akiwa mtoto, akasingiziwa, akafungwa. Hakuna mtu wa mjini aliyekuwa akimjua kwa ukoo wala kwa jirani. Mfalme alipomtaka atoke gerezani, Yusuf hakukimbilia mlango. Aliomba kwanza lile shauri la wale wanawake liulizwe upya, ili jina lake lisafike mbele ya watu. Lilipokwisha safika ndipo akaenda, mfalme akazungumza naye ana kwa ana, na akaomba kazi.

Ombi lake limo katika Surat Yusuf, aya ya 55. Aliomba asimamie hazina za nchi, na akataja sifa mbili tu za kumstahikia: kwamba yeye ni mlinzi wa anachokabidhiwa, na kwamba ana ujuzi. Hakusema kuwa ana sura nzuri, ingawa alikuwa nayo. Hakusema kuwa ni mtoto wa Nabii, ingawa ndivyo alivyokuwa. Alitaja yale ambayo kazi ya hazina inayahitaji, na yote mawili yalikuwa na ushahidi. Ulinzi wa amana aliuonesha nyumbani kwa bwana wake, na ujuzi aliuonesha alipoitafsiri ndoto ya mfalme na kupanga namna ya kuweka akiba ya miaka saba.

Maulamaa wa tafsiri wameizungumza sana aya hii, kwa sababu Surat An-Najm, aya ya 32, inatukataza kujitakasa. Waliloeleza ni kwamba kujitakasa ni kutaka kuonekana bora mbele za watu, na hilo ni baya. Mtu kueleza ujuzi wake mahali asipojulikana, na penye haja ya ujuzi huo, ni jambo jengine, na linajuzu.

Kwa hivyo dada unayeona haya, haya yako ni njema na wala hatukuambii uiache. Tunakwambia uitumie vizuri. Haya inakuzuia kusema "mimi ni bora kuliko wote". Haikuzuii kusema "nimesomesha chuoni watoto 30 kwa miaka minne". La kwanza ni majivuno na la pili ni khabari.

Vitabu vilivyoandika maisha ya watu

Waislamu wa karne za mwanzo walikuwa na shida moja kubwa. Hadithi za Mtume (S.A.W.) zilipokewa kwa mdomo, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mtu akija na hadithi, utajuaje kama ni ya kweli? Ikabidi aulizwe yeye mwenyewe: umeipata kwa nani, ulikutana naye wapi, mwaka gani? Kutokana na haja hiyo ikazaliwa elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi, na yakaandikwa majuzuu kwa majuzuu ya maisha ya watu.

Ibn Saad, aliyefariki Baghdad mwaka 845, ni katika wa mwanzo ambao vitabu vyao vimetufikia. Kitabu chake kikubwa kina sehemu maalumu ya wanawake. Karne sita baadaye, As-Sakhawi wa Misri, aliyefariki mwaka 1497, aliandika kamusi ya watu mashuhuri wa karne yake, na juzuu ya mwisho yote akaifanya ya wanawake. Ndani yake wamo zaidi ya 1,000. Hebu fikiri: zaidi ya wanawake 1,000 wa karne moja, kila mmoja na khabari zake.

Mmoja aliyeandikwa na wanahistoria wengi ni Karima wa Marw, mji uliopo katika Turkmenistan ya leo. Aliishi Makka katika karne ya 11 na alisomesha Sahihi Bukhari. Wanavyuoni wanaume walitoka mbali kuja kusoma kwake, akiwemo Al-Khatib Al-Baghdadi, mwanahistoria mkubwa wa Baghdad, aliyekisoma kitabu hicho kwake katika msimu wa hija. Karima alikuwa na sharti: mwanafunzi akishanakili, lazima akae ailinganishe nakala yake na ya mwalimu, neno kwa neno, kabla ya kuruhusiwa kuisomesha.

Sasa tutazame wanahistoria waliandika nini juu ya watu kama yeye. Jina na nasaba. Mji aliotoka na alikohamia. Kitabu gani alikisoma, na kwa nani. Nani walisoma kwake. Kisha uzito wake katika kazi: je, ni mwangalifu, anaaminika, kumbukumbu yake ni imara? Maneno haya hayakutupwa ovyo. "Mwaminifu imara" lilikuwa daraja moja, "mkweli" lilikuwa daraja jengine la chini kidogo, na "dhaifu" lilikuwa na maana yake. Mwanachuoni akilitumia neno, wenzake wanajua ana ushahidi gani.

Tukitoka hapo tukachukua wasifu unaoandikwa siku hizi, tunakuta umejaa "mchapakazi", "mwaminifu", "mbunifu", "najituma". Maneno mazuri, lakini kila mtu ameyaandika, na hapana anayejua yana uzito gani. Wazee wetu walikuwa na njia bora: taja ulichokifanya, taja ulijifunza kwa nani, taja nani anaweza kukushuhudia.

Barua ya Leonardo

Huko Ulaya mara nyingi husimuliwa kwamba barua ya kwanza maarufu ya kuomba kazi ni ya Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia. Katika mwaka wa 1482 au karibu na hapo, akiwa na umri wa takriban miaka 30, aliandikiwa barua ya kumpelekea Ludovico Sforza, mtawala wa mji wa Milan.

Leo Leonardo tunamjua kwa picha zake. Lakini katika barua ile uchoraji umekuja mwishoni kabisa. Mwanzo aliorodhesha pointi moja moja: anajua kutengeneza madaraja mepesi ya kubebwa, anajua kukausha maji ya mahandaki, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa. Kwa nini? Kwa sababu Milan wakati ule ilikuwa na maadui kila upande, na mtawala alikuwa akitafuta mtu wa vita. Mwisho akasema kuwa kama kuna lolote linaloonekana haliwezekani, yuko tayari kulijaribu mbele ya mtawala mwenyewe.

Tuna mambo mawili ya kuchukua kwake, na moja la kuliacha. La kuchukua ni kwamba alianza na haja ya mwajiri, na kwamba alikubali kujaribiwa. Sisi mafundi tunalijua hilo. Msichana anayekuja na kitambaa alichokidarizi mwenyewe ameshasema nusu ya maneno yake kabla hajafungua mdomo. La kuliacha ni kwamba mengi kati ya mitambo aliyoitaja alikuwa bado hajaijenga. Nabii Yusuf alisema sifa mbili, na zote mbili zilikuwa zimeshaonekana. Sisi tunajua tumfuate nani.

Jina "curriculum vitae", ambalo ndilo lililofupishwa tukapata sivii, ni la Kilatini, na maana yake ni mwendo wa maisha. Jina hilo tunalipenda. Mwendo hauanzi siku unapopata cheti.

Siku ambayo mwengine alishika kalamu

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu waliojieleza au walioelezwa kwa haki. Historia ina upande mwengine, na upande huo uko karibu na kwetu, ng'ambo ya maji, katika nchi ya Kenya.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza huko ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi iliyoitwa kipande. Wengi walikivaa shingoni, ndani ya kikasha cha bati. Juu yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, jina la tajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kutoka, na mshahara.

Kwa sura kipande kilifanana na wasifu: kazi baada ya kazi, tarehe baada ya tarehe. Lakini mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuandika hata herufi moja. Tajiri ndiye aliyeandika. Tajiri akikataa kutia saini kuwa umetoka kazini, huwezi kuajiriwa kwengine, na ukiondoka unasakwa kama mtoro. Mshahara wa zamani ukiwa mdogo, tajiri mpya anauona na anakupa mdogo vile vile.

Watu walipinga. Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu serikalini, alikuwa mmoja wa viongozi wa upinzani huo, ambao ulipinga pia kodi na kulazimishwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi huo umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe. Wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama akawakemea, na wanawake wakasonga mbele. Polisi walipiga risasi. Zaidi ya watu 20 walifariki, na Nyanjiru ni mmoja wao.

Tumeileta khabari hii kwa sababu kipande hakijatutoka kabisa. Mpaka leo wapo wasichana wetu wanaofanya kazi dukani au hotelini miaka mitatu, minne, bila ya karatasi yoyote. Siku wakiondoka wakiomba barua ya kuthibitisha kuwa walikuwepo, wanaambiwa hakuna. Kijana mmoja tuliyemshonea alipita hayo kwa tajiri wake, ambaye hatumtaji. Miaka yake minne ikawa kama haikuwepo. Tulimwambia, na tunawaambia nyote: anza kuandika mwenyewe tangu siku ya kwanza. Tarehe ulioanza. Kazi unazofanya. Jina la msimamizi na namba yake. Picha za kazi ulizomaliza, pale panaporuhusiwa. Anayeweka kumbukumbu zake hawezi kufutwa kirahisi.

Na hapa kwetu Unguja

Kwa wanawake wa visiwa hivi, kalamu yenyewe ilichelewa kutufikia. Sayyida Salme, mtoto wa Sultan Said aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma Qurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifundisha kwa siri. Alichukua Msahafu, akawa ananakili herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao zamani ndio uliokuwa kibao cha kuandikia.

Ujuzi ule ulimfanya atafutwe. Ulipotokea mgogoro wa mwaka 1859 baina ya ndugu zake Majid na Barghash, yeye, msichana wa miaka 15, ndiye aliyeandika barua za upande wa Barghash, kwa sababu alikuwa anaweza. Mgogoro ule ulimletea majuto, na maisha yake ya baadaye yalikwenda njia ambayo si mada yetu. Tunachokitazama sisi ni ule mfupa. Hakuwa na mwalimu wala cheti, lakini ujuzi alikuwa nao, na watu waliujua.

Skuli ya serikali ya wasichana ilikuja kufunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Wazee wengi waliiogopa. Waliogopa khasa kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua zisizofaa. Wachache wakakubali, na kutoka katika skuli ile wakapatikana walimu wa kike waliokuja kuwasomesha bibi zetu na mama zetu.

Lakini kazi za wanawake wengi wa visiwani hazikupita skuli. Kofia za viua zimeshonwa majumbani na mikono ya wanawake, tundu kwa tundu, kofia moja kwa wiki nyingi. Anayeivaa anajulikana, aliyeishona hatajwi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mama wa mwani anajua kalenda ya bamvua, anajua kuchagua mbegu, kufunga kamba, kukausha na kupima. Anajua mwaka huu maji yamekuwa ya moto kuliko mwaka jana. Ukimuuliza kazi yake, anakwambia: "Sina kazi, nakwenda pwani tu."

Hapo ndipo tunaporudi kwenye lile jibu la kwanza, "sina cha kuandika". Kwa tunavyoona sisi, tatizo letu kubwa halijapata kuwa ukosefu wa kazi za kuandika. Kazi zetu zimekuwa hazina jina. Na kitu kisicho na jina hakiwekwi kwenye karatasi.

Basi tuandike

Tukiyakusanya yote haya, wasifu mzuri unasimama juu ya mambo ambayo wazee wetu walishayajua: jina na asili, kazi uliyoifanya, uliyejifunza kwake, na shahidi. Kurasa zisizidi mbili. Juu andika jina lako kamili, namba ya simu na unapoishi. Chini yake mistari miwili ya kueleza unaomba kazi gani na unaijua vipi, kwa mfano wa Nabii Yusuf: sifa mbili zinazohitajiwa na kazi ile, zenye ushahidi. Kisha kazi zako, ya karibuni ikiwa ya mwanzo. Kisha masomo, lugha unazozungumza, na watu wawili watakaokushuhudia, baada ya kuwaomba ruhusa.

Kwenye sehemu ya kazi, ipe kila kazi jina na hesabu. Tunatoa mifano.

Unasomesha watoto wa mtaa Qurani? Andika: "Mwalimu wa chuo. Watoto 30, wenye umri wa miaka 5 hadi 12, siku tano kwa wiki, tangu 2020." Mwenye skuli ya chekechea anayesoma hivyo anajua kuwa unaweza kukaa na watoto.

Wewe ni kijumbe wa mchezo? Andika: "Kijumbe wa mchezo wa wanawake 20. Nakusanya na kugawa fedha kila wiki, naweka daftari, miaka mitatu bila ya upungufu." Huo ni ulinzi wa amana wenyewe. Hoteli inayotafuta mtu wa kupokea fedha inamtafuta mtu kama wewe.

Unashona nyumbani? Andika aina za nguo, unashona ngapi kwa mwezi, na cherehani gani unazijua. Unalima mwani? Andika miaka, idadi ya kamba, na kama umewafundisha wengine au umetengeneza sabuni, taja.

Usitie uongo hata kidogo. Kushuhudia uongo ni katika madhambi makubwa, na karatasi hii ni ushahidi ulioutia jina lako. Hata duniani una gharama. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ya Tanzania uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na kazi waliijua kweli. Cheti kimoja cha uongo kikaubeba ukweli wote.

Mambo yasiyohusu kazi yaache nje. Kuwa umeposwa au hujaposwa si sifa ya kushona wala ya kuhesabu fedha. Stara yako vile vile haihitaji kuombewa radhi kwenye karatasi. Ukiitwa kwenye usaili uliza kwa upole sare ya kazi ikoje na nafasi ya sala ikoje, ujue mapema.

Na kwa mabibi harusi wetu tuna maneno mawili. La kwanza, katika dini yetu mwanamke akiolewa nasaba yake haibadiliki. Unabaki binti wa baba yako, na vyeti vyako vinabaki kwa jina lile lile. Usikubali kubadilisha majina kwenye karatasi moja ukaacha nyengine, ukaja kusumbuka. La pili, suala la kazi lizungumzwe kabla ya nikah, wazee wakiwepo, kwa uwazi na kwa heshima, kama mnavyozungumza mahari. Mume mwema hatakasirika kuulizwa.

Siku ya kufunga begi la kuhamia kwa mume, mtaweka kanga, udi, hina na nguo tulizowashonea. Baina ya hivyo tunaomba muweke bahasha moja: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, cheti cha ufundi, na wasifu wako ulioandikwa kwa mkono wako. Vipige picha kwa simu ujitumie kwenye barua pepe, visije kupotea. Huenda usiihitaji bahasha hiyo miaka kumi. Huenda ukaihitaji mwaka ujao, mume akiugua au biashara yake ikianguka, na nyumba ikawa inakutazama wewe.

Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali, awape wanaume wema na waajiri wenye kumcha Mungu, na atujaalie tuwe katika wanaotekeleza amana. Amin.